Je, Wajua? Simbamwene, Mwanamke Aliyetawala Morogoro

Kabla reli haijafika, na kabla mlowezi wa Kijerumani hajapima shamba chini ya Milima ya Uluguru, Morogoro ilikuwa mji wenye ukuta wa mawe, na mtawala wake alikuwa mwanamke. Msome hapa, yeye na jamaa zake.

Je, wajua kwamba ukoo wake nao ulikuwa wa wahamiaji? Baba yake, Kisabengo, alikuwa Mzigua. Alikusanya wafuasi, wakiwemo watumwa waliowatoroka mabwana zao, akawapokonya Wakami na Wasagara ardhi, kisha akajenga makao yake karibu na Mto Ngerengere.

Je, wajua kwamba Kisabengo alimwachia kiti binti yake mkubwa? Huyo ndiye Simbamwene, na mji wenyewe uliitwa kwa jina hilohilo.

Je, wajua kwamba urithi huo haukuwa wa kawaida? Wazigua, kama Waluguru na Wakami, kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Kwa mila hiyo, cheo cha mwanamume humwendea ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wa dada yake. Binti kurithi kwa baba ilikuwa njia mpya, na Simbamwene ndiye aliyeipita.

Je, wajua kwamba mji wake ulijengwa kama ngome? Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliupitia mwaka 1871 akienda kumtafuta David Livingstone. Aliukuta umepangwa kwa pembe nne, kila pembe ina mnara wa mawe, na ukuta umetobolewa matundu ya kupenyezea bunduki. Malango yalikuwa manne, moja kila upande wa dunia, yenye milango mizito iliyonakshiwa kwa ufundi wa Kiarabu. Nyumba ya mtawala ilifuata mtindo wa pwani: paa refu la mteremko, na baraza mbele.

Je, wajua kwamba Stanley alikisia nyumba zipatazo 1,000 na wakazi kati ya 3,000 na 5,000? Mji huo ulikuwa kwenye njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji.

Je, wajua kwamba Simbamwene alimdai Stanley hongo, ada waliyolipa wenye misafara kwa watawala wa njiani? Aliwatuma wajumbe wawili. Stanley akakataa kulipa, akidai kwamba msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa.

Je, wajua kwamba mambo hayakuishia hapo? Baadaye Stanley aliwatuma askari wake kumtafuta mpishi aliyepotea njiani. Simbamwene akawakamata na kuwatia minyororo. Waliachiliwa baada ya mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Thani, kuwaombea.

Je, wajua kwamba mwaka uliofuata, 1872, Stanley aliporudi pwani alikuta mafuriko yamebomoa sehemu ya ukuta ule?

Je, wajua kwamba mwaka 1882 Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo walifungua misheni Morogoro? Kiongozi wa mahali hapo wakati huo alikuwa Kingo, wa ukoo wa Kisabengo. Kwenye misheni za shirika hilo, watumwa waliokombolewa waliozeshwa, wakapewa vibanda na vishamba vya kuanzia maisha. Nao walikuwa walowezi, mbali na makwao.

Je, wajua kwamba Mjerumani Carl Peters alipokuja kuwatilisha watu saini kwenye mikataba mwishoni mwa mwaka 1884, Ukami, nchi ya Wakami, ulikuwa miongoni mwa nchi nne alizodai, pamoja na Usagara, Uzigua na Nguru? Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaidhinisha madai yake. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907, na mashamba makubwa yakaifuata.

Je, wajua kwamba wake wa Wajerumani waliandika habari zao wenyewe? Magdalene von Prince alikuja na mumewe, afisa Tom von Prince, mwaka 1896. Waliishi Iringa wakati wa vita dhidi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kisha wakawa walowezi Sakharani, Usambara. Mumewe aliuawa katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Kitabu cha Magdalene kilitoka Berlin mwaka 1903, na ndani yake bibi huyo ni shahidi wa maisha yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba Simbamwene hakupata bahati hiyo? Sehemu kubwa ya sifa na lawama zake tumeipata kwa Stanley, mtu aliyegombana naye kwa ajili ya hongo na askari waliofungwa. Mgomvi wako akiwa ndiye mwandishi wako, haki yako imo hatarini. Hata hivyo, hesabu ya minara na malango aliyoiandika mgeni huyo inatosha kuonyesha kwamba hapa palikuwa na dola, na mwanamke ndiye aliyeishika.

Basi, ndugu msomaji wa Morogoro: wazee wanaojua habari za Kisabengo, binti yake na Kingo wakiwa bado hai, waulize. Andika majina, andika na walikozikwa. Walimu wa historia, mtajeni Simbamwene darasani kabla ya kumtaja Stanley. Mji ulikuwa wake.