Nyota za zahanati, maji ya Delta

Mjamzito wa visiwa vya Delta ya Rufiji akishikwa na uchungu usiku, familia huangalia kwanza maji: yamejaa au yamekupwa? Yakiwa yamekupwa mtumbwi haupiti kwenye mikoko, na Kibiti inabaki mbali hata kama wauguzi wako tayari.

Katika mwaka wa fedha 2015/16 Serikali ilianza kuvipa vituo vya afya nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Wakaguzi hutazama watumishi, usafi, huduma za dharura na jinsi wagonjwa wanavyosikilizwa. Mzunguko wa kwanza, takribani theluthi ya vituo nchini viliambulia sifuri. Ni aibu, ila afadhali aibu inayojulikana.

Lakini nyota humwangalia zaidi aliyefika. Rufiji, Kibiti ikiwa bado ndani yake, ilikwisha jifunza kumhesabu asiyefika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wadadisi walipita kaya kwa kaya kwenye vijiji vya bara kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafariki, aliumwa nini? Ikaonekana wengi hufia nyumbani. Kupitia mradi wa TEHIP, wilaya ilipanga bajeti kufuata maradhi yanayoua, malaria ikiwa mbele, na wauguzi wakafundishwa kumchunguza mtoto mzima, si homa pekee. Kati ya 1999 na 2000, vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai.

Kwa wajawazito wa visiwani, hilo la maji lizungumzwe kliniki mapema: nani atampokea bara, na avuke lini kabla ya tarehe iliyo kwenye kadi.