Inoksi ya kulinda motokari ya koperativi: wapi inafaa, na wapi ni kutupa feza



Kipindi cha mvua kikianza, mu Novemba, njia za kuingia mashambani zinaharibika. Kando ya Kasenga, Sakania ao Mitwaba, pikapu ya koperativi inapita mu matope, juu ya mawe, na juu ya visiki vya miombo vyenye kufichwa na majani. Kisiki kimoja kikipasua karteri, oile inamwagika yote, moteri inakufa, na mihindi ya watu inabaki kulala mu mvua. Njo maana koperativi nyingi zinauliza: tufunge tole ya inoksi chini na mu bene? Fundi atasema ndiyo, juu inoksi inangaa na bei yake ni ya juu. Sisi tuangalie kwanza inafanya kazi gani.

Inoksi ni nini?

Ni chuma chenye kuchanganywa na kromu, angalau 10,5 kwa mia. Kromu ikikutana na hewa, inafanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma, yenye kuzuia kutu. Ukiikwaruza, ngozi inajirudisha yenyewe, mradi hewa inafika. Rangi haifanye vile: ikitoka, imetoka. Hapa kwetu Katanga tunachimba shaba na kobalti, lakini kromu nyingi ya dunia inatoka Afrika Kusini. Kwa hiyo tole ya inoksi inafika huku ikiwa imeshalipiwa safari na forodha, na bei yake inapita ya chuma cha kawaida mara kadhaa.

Haina nguvu kupita chuma cha kawaida

Hapa watu wengi wanadanganyika. Chuma cha kawaida cha kujengea kinaanza kukunjika kwa megapaskali 235. Inoksi ya 304, yenye kujulikana zaidi, inaanza karibu 210. Maana yake, kisiki chenye kukunja tole ya chuma ya milimetre 3 kitakunja na inoksi ya milimetre 3. Inoksi inazuia kutu, na haipasuke haraka. Lakini haigeuke ukuta.

Basi, chini ya moteri, penye adui ni jiwe na kisiki, tole ya chuma cha kawaida ya milimetre 4, yenye rangi nzuri ya kuzuia kutu, inatosha. Ikikunjika, unaifungua, unaipiga nyundo, unaipaka rangi tena. Na ku pareshoki ya mbele, tuyo ya kawaida inatosha vilevile.

Mahali inoksi inastahili bei yake

Ni mu bene. Mbolea ya NPK na ya urea inavuta maji ya hewa. Mufuko ukipasuka, chumvi yake inaingia mu kila kona ya bene, na mvua inafanya maji yenye kula chuma. Kwa bene yenye kubeba mbolea kila mwaka, sakafu ya inoksi ya milimetre 1,5 ni feza yenye kutumika vizuri. Tena inasafishika mbio, na hiyo ni faida tukipakia mihindi ya kula kiisha mbolea.

Lakini tuhesabu uzito. Decimetre moja ya mchemraba ya inoksi ina karibu kilo 7,9. Bene ya metre 2,2 kwa 1,6 inaomba tole ya metre 3,5 za mraba. Kwa milimetre 1,5, ni kilo 42. Kwa milimetre 3, ni kilo 83, karibu mifuko miwili ya kilo 50 yenye hautapakia tena, kila safari. Tole nene mu bene ni hasara.

Kuchagua aina

304 ina kromu karibu 18 na nikeli karibu 8 kwa mia. Kwa bene ya mbolea, njo ya kwanza kuomba.

316 inaongezwa molibdene 2 hadi 3 kwa mia. Inavumilia klorini kupita 304, na klorini iko mu mbolea nyingi zenye potasi. Bei yake iko juu zaidi. Bene yenye kuoshwa kila safari haiiombe.

430 haina nikeli, bei yake ni kidogo. Inafaa mahali pakavu. Mu matope ya mbolea inatoboka.

201 imewekwa manganeze pa nafasi ya sehemu kubwa ya nikeli. Inangaa sawa na 304, lakini inashika kutu mbele yake.

Watu wanapima na sumaku. Sumaku ikishika kwa nguvu, si 304. Inaweza kuwa 430 ao chuma cha kawaida chenye kupigwa rangi ya kungaa. Isiposhika, usifurahi bado, juu 201 nayo haishikwe. Tafuta namba yenye kuandikwa ku tole, na omba sertifika ya kiwanda pamoja na fakture. Fakture inalinda koperativi mara mbili, juu tole yenye kuuzwa bila karatasi inaweza kuwa ya wizi. Na tole yenye kutoka ku tanki ya asidi ao ku mashini ya mine, usiiweke mu bene ya chakula.

Kuifunga

Kazi mbaya inaharibisha inoksi ya bei. Simama karibu na sudere, uangalie haya:

1. Safisha sakafu ya zamani, toa kutu, paka rangi. Maji yakibaki kati ya tole mbili, sakafu ya chini inaoza na hauione. Acha matundu ya kutoa maji.

2. Tenganisha vyuma viwili. Inoksi ikigusana na chuma cha kawaida mu maji, chuma cha kawaida kinaliwa haraka. Kata vipande vya shambre ya era ya zamani, uviweke katikati.

3. Tumia buloni za inoksi. Buloni ndogo ya kawaida mu tole kubwa ya inoksi itaisha mbele ya vyote.

4. Disiki ya kusagia iwe mupya. Disiki yenye kukata chuma cha kawaida inaacha vumbi la chuma juu ya inoksi, na lile vumbi linafanya kutu.

5. Kusude inoksi na inoksi ya 304, bageti ni 308L. Inoksi na chuma cha kawaida, ni 309L. Kiisha, rangi ya moto pembeni isafishwe mpaka pangae.

6. Moshi wa kusude inoksi una kromu yenye kuharibu mapafu. Kazi ifanywe inje, na maski. Watoto wasikaribie.

7. Usisude kitu ku shasi. Moto unapunguza nguvu ya chuma chake. Tafuta matundu yenye yako tayari, ufunge na buloni.

Ku tole ya chini ya moteri, acha tundu la kumwaga oile na matundu ya hewa. Mu kiangazi, toa majani makavu kila juma, juu yakigusa eshapma yenye moto, motokari inaweza kuungua. Na juu ya sakafu ya inoksi, funga mbao nyembamba, ju mifuko inateleza.

Mbele ya kukubali depanse

Ku mukutano mukubwa, komite ijibu maulizo manne mbele ya wanamemba: motokari inabeba mbolea safari ngapi kwa mwaka? Sakafu ya sasa imeoza wapi? Fundi ametoa bei mbili, ya chuma cha kawaida na ya inoksi? Nani ataosha bene kiisha kila safari ya mbolea? Ulizo la mwisho likikosa jibu, inoksi nayo itaharibika. Kama safari za mbolea ni moja ao mbili kwa mwaka, rangi nzuri, maji na brosi vinatosha, na ile feza iende ku mbegu.