Pikipiki Isiyolala

Stendi ya bodaboda ya Maungu, katika wadi ya Marungu, pale njia ya Buguta na Rukanga inapoachana na barabara kuu ya Mombasa, ni shule isiyo na ubao. Kijana hufundishwa klachi na gia, kisha huambiwa neno la mwisho: kwenye kona, ilaze. Hapo masomo yameisha. Anailaza akienda Kasigau, anailaza akirudi Voi, na baada ya mwezi mmoja hakumbuki kwamba aliwahi kufundishwa. Mwili umeshika.

Sasa mfikirie mwendeshaji huyo baada ya miaka kumi. Mguu wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya. Mikono ina nguvu, macho ni mazima, njia zote anazijua. Kinachomshinda ni ile sekunde ya kusimama, pale mguu unapotakiwa kuegemeza kilo 120 za pikipiki pamoja na abiria na gunia lake. Kwa mtu kama huyu, magurudumu mawili ya ziada yanayofungwa kwa bolti, moja kila upande wa gurudumu la nyuma, yanamrudishia kazi yake. Huko Marekani vifaa vya aina hii hununuliwa sana na wazee wanaopenda safari ndefu kwa pikipiki kubwa kama Honda Gold Wing, yenye uzito wa zaidi ya kilo 350, goti linapoanza kukataa. Huku kwetu fundi wa jua kali anaweza kulehemu fremu yake mwenyewe. Fikra ni ile ile, na ina umri mkubwa: chombo cha Gottlieb Daimler cha mwaka 1885, ambacho wengi hukihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli, kilikuwa na vigurudumu viwili vya pembeni vya kukizuia kisianguke.

Lakini fundi akishakaza bolti ya mwisho, anamkabidhi mteja wake mashine ambayo mwili wake hauijui hata kidogo. Hili linastahili kuelezwa kabla ya jambo lolote la spana na grisi.

Muulize mwendeshaji yeyote: ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa na unataka kukata kushoto, mikono inafanya nini? Atakwambia anageuza usukani kushoto, au anaegemea tu. Wilbur Wright, ambaye kabla ya kurusha ndege mwaka 1903 alikuwa fundi wa baiskeli pamoja na nduguye mjini Dayton, aliwauliza waendesha baiskeli wengi swali hilo, akaona kwamba hawajui wanachokifanya. Ukweli ni kwamba mkono wa kushoto husukuma mbele kidogo. Tairi la mbele linatazama kulia kwa kitambo kifupi mno, magurudumu yanatoka chini ya mwili, pikipiki inaangukia kushoto, na hapo ndipo kona inapoanza. Kila kona ya magurudumu mawili huanza kwa kugeuka kinyume.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo ndani ya swali jingine: kwa nini chombo cha magurudumu mawili hakianguki? Swali hilo liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi baada ya Karl Drais kutoa chombo chake cha magurudumu mawili huko Ujerumani mwaka 1817. Kwa muda mrefu jibu lililopendwa lilikuwa lile la pia ya watoto: kinachozunguka kwa kasi hakitaki kuanguka. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones aliunda baiskeli yenye gurudumu la ziada lililozunguka kinyumenyume ili kuifuta nguvu hiyo ya pia, akaipanda, na bado iliendesheka. Akaelekeza kidole kwenye namna tairi la mbele linavyofuata nyuma ya mhimili wa usukani, kama vigurudumu vya kitanda cha hospitali vinavyojipanga vyenyewe kitanda kinaposukumwa. Kisha mwaka 2011 kundi la watafiti wa vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Cornell na Delft, wakiwemo Andy Ruina, Jim Papadopoulos na Arend Schwab, lilichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli isiyo na msaada wa pia wala wa kufuata nyuma. Waliisukuma bila mtu juu yake, ikaenda yenyewe bila kuanguka. Siri yake ilikuwa katika mpangilio wa uzito: ilipoanza kuinama, usukani wake ulijigeuza wenyewe kuelekea upande ilikoangukia, na magurudumu yakarudi chini ya uzito.

Yaani chombo cha magurudumu mawili husimama kwa sababu kina uhuru wa kuanguka. Kinaanguka kidogo, kinajidaka, kinaanguka tena, kinajidaka tena, mara nyingi katika kila safari.

Fungia magurudumu ya pembeni, na uhuru huo umekwisha. Pikipiki hailali tena. Ukisukuma mkono wa kushoto, tairi la mbele linatazama kulia, na mashine nzima inakwenda kulia, kama gari. Mtu aliyezoea kulaza anaingia kona ya kushoto, mwili wake unafanya ulichofanya kwa miaka kumi, na mashine inampeleka upande wa pili wa barabara, kwenye malori yanayotoka Mombasa. Akishtuka anasukuma kwa nguvu zaidi, na kosa linazidi. Hapa uzoefu ndio unaomwangusha. Anayeanza leo yuko salama kuliko yeye.

Kuna hatari nyingine, nayo inaelezwa vizuri na jiko. Mafiga matatu hayayumbi: weka mawe matatu popote, hata penye mwinuko, sufuria itakaa. Lakini sufuria hukaa mradi uzito wake uko ndani ya pembetatu ya mawe hayo. Pikipiki yenye kifaa hiki nayo ina pembetatu yake, kutoka tairi la mbele hadi magurudumu mawili ya pembeni. Nyuma ni pana, mbele imechongoka. Kwenye kona uzito unasukumwa nje. Ukivuka ule mstari unaounganisha tairi la mbele na gurudumu la nje, mashine inapinduka, tena bila onyo.

Tufanye hesabu ya mfano. Magurudumu ya pembeni yameachana mita 1.2, kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu ya ardhi, na asilimia 60 ya uzito iko nyuma. Kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 20, ikiwa tairi halitelezi kwanza, gurudumu la ndani litainuka kwenye kasi ya kilomita 39 kwa saa hivi. Sasa panga mizigo juu ya kiti hadi kitovu kifike sentimita 90. Kona ni ile ile, magurudumu ni yale yale, lakini kasi ya kupinduka imeshuka hadi kilomita 32. Na ukifunga breki katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele, kule pembetatu ilikochongoka. Kwa hiyo breki zote zimalizwe barabara ikiwa bado imenyooka. Mzigo ukae chini, katikati ya magurudumu ya pembeni, na usiegemezwe nyuma sana hadi tairi la mbele likawa jepesi, kwa maana ndilo linaloongoza. Marekani ililipia somo hili kwa maisha ya watu wengi, watoto wakiwemo, waliopinduka na pikipiki za magurudumu matatu za kuchezea mashambani. Mwaka 1988 watengenezaji walikubali mbele ya mahakama kuacha kuziuza nchini humo.

Vifaa vyenyewe viko vya namna mbili. Namna ya kwanza huondoa gurudumu la nyuma kabisa na kuweka ekseli yenye magurudumu mawili. Hapo difu, yaani gia zinazoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, inahitajika, kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje hutembea zaidi: ukikata robo ya duara ambayo gurudumu la ndani liko mita 5 kutoka katikati na la nje mita 6.2, la ndani hutembea mita 7.9 na la nje mita 9.7. Yakifungwa pamoja bila difu, moja lazima liburuzwe, na mashine hutaka kwenda moja kwa moja. James Starley wa Coventry, fundi aliyetokea kwenye cherehani, aliipatia difu baiskeli ya magurudumu matatu mwaka 1877, na ukoo wa ufumbuzi huo ndio unaozungusha kila lori linalopita Voi usiku.

Namna ya pili, ile ya kufungia pembeni, huliacha gurudumu la nyuma mahali pake liendelee kusukuma, na yale mawili yanajizungukia tu. Haihitaji difu, na ndiyo maana naiona inafaa zaidi kwa fundi wetu. Ila ina adui wake, na adui huyo anaishi kwenye njia ya Buguta. Malori huchimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Mwenye magurudumu mawili huchagua mfereji mmoja, akapita. Mwenye kifaa, akifanya vivyo hivyo, magurudumu ya pembeni hupanda kingo, gurudumu la katikati linabaki kuelea ndani ya mfereji, nalo ndilo lenye cheni. Linazunguka bure. Springi za pembeni zikikazwa mno matokeo ni hayo hayo hata kwenye matope ya kawaida. Zinatakiwa kubeba kiasi cha kuzuia kuinama, na uzito mwingi ubaki juu ya gurudumu linalosukuma na lenye breki. Na kwa kuwa breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia na gia kwa wa kushoto, mwenye mguu mbovu atengenezewe wenzo wa mkono wa kufanya kazi ya mguu huo kabla hajatoka gereji.

Hata lami ina jambo lake. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yamwagike kando. Pikipiki ya kawaida husimama wima bila kujali mteremko huo. Ya magurudumu ya pembeni huufuata, na kwa kuwa Kenya tunapita kushoto, inavuta kushoto siku nzima, kuelekea mtaroni. Mabega yatauma wiki ya kwanza. Kabla ya kulaumu usukani, pima upepo wa matairi ya pembeni, ulingane pande zote mbili, kisha vuta uzi kutoka nyuma hadi mbele kuhakikisha magurudumu yanatazama njia moja.

Sasa bolti. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha jibu la swali la kila gereji: nati hulegeaje bila mtu kuigusa? Alionyesha kwamba mtikisiko unaoivuta bolti kwa urefu wake hauna madhara makubwa kama ule wa kwenda upande. Vipande viwili vilivyobanwa vikianza kusuguana huku na huku, hata kwa kiasi kisichoonekana, msuguano unaoshika meno ya nati huisha kama umetiwa mafuta, na nati hujirudisha yenyewe. Washa ya springi, ambayo mafundi wengi huitegemea, haisaidii sana. Kinachosaidia ni kubana kwa nguvu inayotosha vipande visiteleze kabisa.

Murram iliyojikunja mawimbi madogo ni mashine ya Junker yenye urefu wa kilomita nyingi. Na pikipiki yenyewe haikuumbwa kwa nguvu za ubavu: inapolala kwenye kona, uzito wote hupita wima ndani ya fremu na rimu, kama maji yanavyotulia ndani ya ndoo inayozungushwa. Isipolala, kila kona inasukuma spoku, beringi na fremu kwa upande. Kwa hiyo tumia bolti zilizoandikwa 8.8 kichwani. Zikishakazwa, chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na chuma ilichokalia. Mstari ukikatika, nati imetembea. Kagua jioni ya siku ya kwanza, kisha kila wiki. Inua tairi la mbele uligeuze taratibu, usikilize kama beringi za usukani zinakwaruza. Pima spoku kwa kuzigonga, ile iliyolegea hulia tofauti. Pembezoni mwa welding ndiko nyufa huanzia, na ufa wa chuma hujitangaza kwa mstari mwembamba wa kutu. Vumbi letu, kwa bahati mbaya, lina rangi ya kutu. Osha kwanza, kausha, ndipo utazame.

Umbo la chombo likibadilika, kipelekwe kukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima ijulishwe. Na mwenye kutafuta fundi aliyezoea vyombo vya watu wenye ulemavu, karakana za Bombolulu pale Mombasa zimeifanya kazi ya aina hiyo kwa miongo mingi, chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa mwaka 1958.

Kinachobaki ni mikono. Mhandisi wa Alabama, Destin Sandlin, aliwahi kuundiwa baiskeli ambayo usukani wake hugeuza tairi kinyume. Ilimchukua karibu miezi minane ya mazoezi kuimudu. Mwanawe mdogo aliweza kwa wiki mbili. Na alipoirudia baiskeli ya kawaida, ilimshinda kwa muda. Basi mwendeshaji wetu asiazime boda ya rafiki jioni baada ya kushinda kwenye yake. Siku za mwanzo aende uwanja wa mpira alfajiri, kabla ya watoto, bila abiria na bila mzigo, mwendo wa mtu anayetembea. Azunguke goli la kwanza, avuke, azunguke la pili, achore namba nane kwenye vumbi. Mkono wa kushoto unasukuma, mashine inakwenda kulia. Tena.