Kuchagua Usiku wa Nyota Singida: Programu ya Utabiri Inajua Nini

Mkoa wa Singida umekaa kwenye uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta. Mahali kama hapo huonyesha karibu nyota zote za kaskazini na za kusini kwa zamu katika mwaka mzima, na ukitoka nje ya mji taa ni chache. Mwalimu anayetaka kuwatoa wanafunzi wake wakatazame anga anabakiwa na kazi moja ngumu, nayo ni kuchagua usiku. Siku hizi wengi hufungua programu ya utabiri kwenye simu, wakaona alama ya wingu au ya mwezi, wakaamua papo hapo. Makala haya yanaeleza alama hiyo inatoka wapi na inastahili kuaminiwa kwa kiasi gani. Tutatumia mifano miwili ya mwaka 2026: usiku wa kuamkia Agosti 13, kilele cha vimondo vya Perseidi, na usiku wa kuamkia Desemba 14, kilele cha vimondo vya Geminidi.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mambo yaliyo hakika na yale ya kukadiria. Mwendo wa mwezi ni hakika, kwa kuwa hujulikana miaka mingi kabla. Mwezi hurudia umbo lake kila baada ya siku 29 na nusu, na mwezi mpevu hufifisha nyota hafifu hata anga likiwa halina wingu. Mwezi utakuwa mpya Agosti 12, hivyo usiku wetu wa kwanza utakuwa na giza tangu mwanzo hadi mwisho. Utakuwa mpya tena Desemba 9, hivyo katika usiku wa pili kutakuwa na mwezi mchanga ambao utazama kabla ya usiku wa manane. Hadi hapa kalenda imetosha, na hatujahitaji utabiri wowote.

Hatua ya pili ni saa. Karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo giza huingia upesi. Singida, kwa miezi mingi, jua huzama karibu saa 12:40 jioni, na giza kamili hutimia zaidi kidogo ya saa moja baadaye, yaani karibu saa 2 usiku. Programu nyingi huandika muda huo 20:00. Utabiri wa alasiri hautusaidii hapa. Tunachotafuta ni safu ya saa moja moja kuanzia 20:00 hadi 05:00, na alama moja ya siku nzima haiwezi kuibeba safu hiyo.

Sasa tuingie kwenye utabiri wenyewe. Programu ya simu kwa kawaida haipimi hewa. Inachukua matokeo ya modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoanza na hali ya hewa iliyopimwa sasa, kisha zikakokotoa itakavyobadilika. Vipimo hutoka kwenye setilaiti, ndege, maputo na vituo vya ardhini, vikiwemo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Modeli mbili zinazotumiwa sana ni GFS ya Marekani na ile ya kituo cha Ulaya kiitwacho ECMWF. GFS huanza hesabu mpya mara nne kwa siku: saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na matokeo hufika saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana utabiri ulioonekana asubuhi unaweza kuwa mwingine ifikapo jioni.

Modeli huigawa dunia katika miraba. Mraba wa modeli kuu ya Ulaya una upana wa kilomita 9 hivi, na wa GFS kilomita 13 hivi. Ndani ya mraba mmoja ardhi huhesabiwa kana kwamba ina kimo kimoja. Tazama basi mteremko wa Sekenke wilayani Iramba, au ukingo wa Bonde la Ufa pale Kilimatinde wilayani Manyoni. Hewa ikisukumwa kupanda ukingo kama huo hupoa na inaweza kufanya wingu juu yake, huku kilomita chache mbele anga likiwa jeupe. Modeli huulainisha ukingo huo. Kwa hiyo jina la mji kwenye simu lisichukuliwe kuwa ndilo eneo la kutazamia. Inafaa kuweka alama ya mahali penyewe kwenye ramani ya programu, na kukumbuka kwamba hata hapo jibu ni la mraba mzima.

Kuna namba mbili zinazochanganywa mara nyingi. Asilimia ya mvua ni uwezekano wa mvua kunyesha. Asilimia ya mawingu ni sehemu ya anga inayokadiriwa kufunikwa. Usiku wenye asilimia 0 ya mvua unaweza kuwa na asilimia 90 ya mawingu. Mtazamaji wa nyota anahitaji namba ya pili, tena iliyogawanywa kwa tabaka. Mawingu ya chini huwa chini ya kilomita 2 kutoka ardhini, ya kati hufuata juu yake, na ya juu, ambayo ni ya chembe za barafu, huanzia kilomita 6 hivi na kuendelea. Programu kama Windy na Meteoblue huonyesha tabaka hizi mojamoja. Wingu zito la chini hufunga anga kabisa. Wingu jembamba la juu huacha nyota kubwa zionekane na kuzizima zile hafifu.

Tuuchukue usiku wa Agosti. Singida hupata msimu mmoja wa mvua, ambao TMA huutolea mwelekeo kwa jina la mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Agosti ni kiangazi kikavu. Mawingu yakiwa machache kwa kawaida ya msimu, utabiri wa mawingu hautuongezei mengi: mtu asiye na simu naye angetegemea anga lililo wazi. Faida ya programu kwa mwezi huu iko kwenye safu ambazo wengi huziruka, yaani upepo na moshi.

Upepo wa Singida si jambo dogo. Vipimo vya nishati vilivyofanywa Kititimo vilionyesha wastani wa zaidi ya mita 9 kwa sekunde katika kimo cha mita 30. Programu nyingi hutabiri upepo wa kimo cha mita 10, na huandika wastani kando na mvumo, yaani nguvu ya vishindo vya ghafla. Atazamaye kwa macho matupu atasumbuliwa na baridi tu. Mwenye darubini aangalie mvumo, kwa sababu ndio unaoitikisa na kuifanya nyota icheze mbele ya jicho. Akitafuta kificho nyuma ya mawe makubwa ya mkoa huo, atakuwa ametatua tatizo ambalo mraba wa modeli hauwezi kuliona.

Moshi na vumbi hufuata. Wakati wa kiangazi mashamba na misitu huchomwa katika maeneo mengi ya kanda hii, na chembe zake hubaki angani. Programu huweza kuandika asilimia 0 ya mawingu na kuwa sahihi, ilhali anga limepauka. Dalili hii hutafutwa kwenye ramani za ubora wa hewa. Kipimo cha mwisho ni jicho: karibu saa 3 usiku katikati ya Agosti, sehemu angavu zaidi ya Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, huwa juu sana upande wa kusini. Ukiuona umefifia hapo juu, hewa ni chafu.

Usiku wa Desemba una hesabu tofauti. Kwa vimondo vyenyewe, Desemba ni bora. Perseidi huchomoza kutoka sehemu ya anga isiyovuka nyuzi 30 juu ya upeo wa kaskazini wa Singida, wakati chimbuko la Geminidi hupanda hadi nyuzi 50 hivi kati ya saa 8 na saa 9 usiku. Lakini mvua zimeanza. Mawingu mengi ya msimu huu hutokana na joto la mchana: ardhi hupata moto, hewa hupanda, wingu hukua alasiri na kunyesha. Jua likizama, chanzo hicho hudhoofika, na mara nyingi mawingu huvunjika kadiri usiku unavyokwenda. Modeli hukadiria mwendo huu wa saa vizuri kuliko inavyokadiria kijiji gani kitafunikwa, kwa kuwa wingu moja la mvua huweza kuwa dogo kuliko mraba wake.

Limebaki suala la muda. Kosa dogo katika vipimo vya kuanzia hukua kila siku ya hesabu. Kwa sababu hiyo vituo vikubwa hukokotoa hesabu nyingi sambamba zenye tofauti ndogo mwanzoni. Hesabu hizo zikikubaliana, imani huongezeka, na zikitawanyika hupungua. Mtumiaji wa simu anaweza kupata kitu kinachokaribia hicho kwa kulinganisha modeli mbili, na kwa kuangalia kama utabiri wa usiku uleule umebaki palepale kwa siku tatu mfululizo.

Hukumu sasa inaweza kutolewa. Singida, usiku wa nyota uchaguliwe kwanza kwa msimu na mwezi, na programu iachiwe kazi ya kuchuja. Kwa Agosti, mwalimu anaweza kutangaza tarehe mwezi mzima kabla, kisha siku mbili za mwisho akatazama upepo na moshi ili achague eneo na vifaa. Kwa Desemba, atangaze usiku tatu mfululizo badala ya mmoja, asiufute wowote kwa alama iliyoonekana wiki nzima kabla, na apange kuanza baada ya saa 6 usiku, mwezi umezama na joto la mchana limeisha nguvu. Tahadhari ya TMA ya mvua kubwa au upepo mkali ikitolewa, safari iahirishwe hata kama simu inaonyesha nyota, kwa maana radi uwandani ni hatari kwa watoto. Programu ni msaidizi mzuri kwa aliyeijia na swali mahususi: saa ngapi, tabaka lipi, upepo kiasi gani. Anayeiuliza tu kama usiku utakuwa mzuri atapewa alama moja, na alama hiyo haitoshi kumtoa mtoto kitandani.