Kabla Hujauza Gunia la Maharage

Mwezi wa saba ukifika Songea, mahindi yako kila mahali. Yanaanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba za Lizaboni na Bombambili, yanapakiwa kwenye maguta, na malori yanasubiri kupima mzigo kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Katika mikoa ya Njombe na Iringa, ambako mahindi pia si haba, ilikuwa nusu ya watoto au zaidi.

Udumavu una sababu nyingi: maji machafu, kuhara kusikokwisha, malaria, mama anayelima hadi wiki ya kujifungua. Lakini ukifuata njia ya chakula peke yake, utafika mahali ambapo deni na chungu vinakutana. Familia inayodaiwa huuza kwanza kile chenye bei nzuri, nacho ni maharage, karanga na soya. Mahindi hubaki nyumbani kwa sababu yanashibisha. Kwa tumbo, hesabu hiyo ni sahihi. Kwa mwili wa mtoto ni hasara, na hasara yenyewe inaweza kupimwa kwa gramu.

Protini hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Tisa kati yake mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo. Mwili huzipanga kama mtunga ushanga anayefuata mchoro: rangi moja ikiisha, kazi inasimama hata kama rangi nyingine zimejaa bakuli. Kwenye mahindi, rangi inayowahi kuisha ni asidi amino iitwayo laisini. Gramu 100 za mahindi makavu zina protini gramu 9 hivi, lakini laisini iliyomo ni karibu robo gramu tu. Maharage makavu ya uzito huohuo yana protini gramu 22 hivi na laisini gramu moja na nusu, yaani mara sita ya mahindi. Maharage nayo yana upungufu wake, asidi amino iitwayo methionini, na hiyo mahindi yanayo ya kutosha. Makande, chakula ambacho wengi wetu tulikichoka shuleni, yanaziba mapengo yote mawili ndani ya sufuria moja.

Chukua mtu mzima wa kilo 60. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani anahitaji laisini miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, yaani gramu 1.8. Akila nusu kilo ya unga kwa siku bila mboga ya maana, anapata gramu 1.3 hivi, na tumbo limejaa. Mwongezee gramu 100 za maharage makavu, konzi mbili hivi, anafika karibu gramu 2.8. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji laisini nyingi zaidi ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito, na tumbo lake ni dogo, kwa hiyo yeye ndiye anayeumia kwanza maharage yakiondoka nyumbani.

Sasa turudi sokoni. Kilo ya maharage inapouzwa mara tatu ya kilo ya mahindi, mnunuzi huona maharage ni anasa. Lakini kama bei ni mara tatu na laisini ni mara sita, basi kila gramu ya laisini iliyomo kwenye maharage inapatikana kwa nusu ya bei ya ile ya kwenye mahindi. Anayeuza gunia la maharage ili alipe deni, halafu akala ugali kwa chumvi na majani, ameuza chakula chake cha bei nafuu zaidi. Najua si rahisi kumwambia hivyo mtu ambaye mdai wake amekaa kwenye benchi la jikoni. Ndiyo sababu hesabu hii ifanywe mwezi wa sita, kabla mdai hajafika.

Wamatengo wa Mbinga walilijua jambo hili shambani. Kwenye ngoro, vile vishimo vyao vilivyopangwa mlimani kuzuia mmomonyoko, maharage hupandwa mwezi wa tatu juu ya nyasi zilizofukiwa, na mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja. Mizizi ya maharage huacha naitrojeni ardhini, mahindi yanaikuta. Ardhi na mlaji wanalishwa kwa zao lilelile.

Kuhusu karanga, upo ushahidi mchungu kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikaa miezi kadhaa bila karanga kwenye mgao wao. Mahindi yaliendelea kuja. Zaidi ya watu 17,000 walipata pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi iliyopigwa na jua, unaoharisha na hatimaye kuvuruga akili. Chanzo chake ni ukosefu wa niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Niasini ya mahindi imefungwa kiasi kwamba utumbo hauwezi kuichukua, na triptofani, ambayo mwili ungeigeuza kuwa niasini, nayo ni haba kwenye mahindi. Wenyeji wa Meksiko, ambako mahindi yalianzia, huyachemsha kwa maji ya chokaa na hivyo kuifungua niasini hiyo. Mbegu ilivuka bahari ikaja kwetu, ujuzi wa chokaa ukabaki kule. Sisi tuna karanga, na konzi moja iliyotwangwa ndani ya majani ya maboga inaleta niasini pamoja na mafuta yanayosaidia mwili kufyonza vitamini A ya majani hayo.

Dagaa wa Nyasa kutoka Mbamba Bay nao wastahili nafasi hapa. Kijiko cha dagaa waliosagwa hakibadilishi bajeti, lakini kinaleta kalisi, zinki na vitamini B12 ambayo hakuna nafaka wala mboga inayoitoa.

Halafu kuna mashine ya kusaga. Familia ya watu watano hutumia takriban kilo 2 za unga kwa siku, kilo 730 kwa mwaka. Ikila dona, magunia saba na nusu ya kilo 100 yanatosha. Ikikoboa ili ipate sembe nyeupe, robo hivi ya uzito inaondoka kama pumba, na mahitaji yanapanda hadi karibu magunia kumi. Zaidi ya magunia mawili kwa mwaka yanabaki mashineni au yanaishia kwa kuku, pamoja na sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini B za punje, na bado kukoboa kumelipiwa. Kwa nyumba yenye deni, hapo ndipo penye akiba kubwa kuliko kwingine jikoni. Dona lina masharti mawili. Kiini cha punje kina mafuta yanayochacha, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Na sumukuvu, sumu ya fangasi wa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, hukaa zaidi kwenye kiini na ganda. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizoota ukungu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, na hata kuku wasipewe.

Wengi huacha maharage kwa sababu ya mkaa kuliko kwa sababu ya bei ya maharage yenyewe. Hapa jiografia haitusaidii. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yaleyale yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu zaidi. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yale hupunguza muda wa moto kwa kiasi kikubwa, na hupunguza pia fitate, kemikali inayoshika chuma na zinki zisifyonzwe. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo mimi siyapendekezi kwa nyumba ambayo maharage ndiyo nyama yake. Njia bora ni jiko la kikapu: chemsha kwa nguvu nusu saa, ondoa sufuria ikiwa bado inatokota, ifunge kwenye kikapu chenye nguo au pamba nzito, uiache saa tatu au nne, kisha uichemshe tena kabla ya kula. Ile nusu saa ya mwanzo isifupishwe. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na joto la wastani la kikapu peke yake haliiharibu.

Uji wa mtoto una sayansi yake, na sehemu yake kubwa ilifanywa na Watanzania. Uji mwepesi mtoto anaunywa, lakini ni maji matupu. Uji mzito una nguvu, lakini hawezi kuumeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe na mwenzake Svanberg wa Sweden walionyesha kwamba kijiko cha unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kikikorogwa kwenye uji mzito ulioanza kupoa huulainisha kwa dakika chache. Kimeng'enya kiitwacho amilesi hukata minyororo ya wanga iliyoshikilia maji. Mtoto anapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Bibi wanaotengeneza togwa wanakijua kimea tangu zamani, na hakigharimu chochote zaidi ya konzi ya ulezi au mtama na siku chache za kusubiri.

Lakini jikoni hakuwezi kufidia kilichopotea ghalani. Mwezi wa kwanza na wa pili, akiba ikiwa imekwisha na mahindi mapya bado machanga, watu wa Ruvuma hukopa kwa mazao yasiyovunwa bado. Mbinga mikopo ya namna hiyo kwenye kahawa huitwa magoma. Mjini ni kausha damu. Mavuno yakija, deni linalipwa kwa gunia lililo kwenye bei ya chini kuliko wakati wote wa mwaka, mara nyingine la lumbesa, na miezi sita baadaye familia ileile inanunua debe kwa bei ya juu. Wachumi Burke, Bergquist na Miguel waliupima mzunguko huu magharibi mwa Kenya. Wakulima waliopewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, ili wasilazimike kuuza, walihifadhi mahindi, wakauza baadaye, na faida ilifikia asilimia 29 ya mkopo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019.

Adui wa kuhifadhi ni dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Anaweza kula theluthi ya mahindi kwa miezi michache. Mifuko isiyopitisha hewa humuua bila dawa. Wadudu waliomo hupumua oksijeni hadi inakaribia kuisha, na bila oksijeni hawawezi kutengeneza maji mwilini kutokana na chakula wanachokula. Wanakufa kwa kukauka katikati ya mahindi. Sharti ni punje kavu, na kipimo kinapatikana nyumbani: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Katika jaribio lililofanyika Kilosa na Kondoa kwa zaidi ya wakulima 1,000, miongoni mwa waliopewa mifuko hiyo, kaya zenye njaa kali wakati akiba inapopungua ghalani zilikuwa pungufu kwa asilimia 38.

Lakini bei haipandi kila mwaka. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini waliobaki na mzigo wakaona bei ikishuka. Kwa hiyo natofautisha gunia la kuuza na gunia la kula. La kuuza ni kamari yenye faida mara nyingi. La kula halina kamari: bei ikipanda umeepuka kununua, ikishuka bado umekula. Yale magunia saba na nusu ya mahindi ya dona yafungwe kwanza, pamoja na magunia mawili hivi ya maharage kwa watu watano, na deni lilipwe kwa kinachozidi hapo. Asiye na shamba, mwalimu au dereva wa bodaboda wa Mfaranyaki, Songea, anaweza kupata nafuu hiyohiyo kwa kununua magunia na wenzake wa kikundi mwezi wa saba badala ya kununua kilo kwa kilo hadi mwezi wa tatu.

Kisichoweza kufanywa na familia peke yake ni kubadili tarehe. VICOBA na SACCOS nyingi hukopesha mwanzoni mwa mwaka, kwa ajili ya mbolea na sare za shule, na kudai marejesho mara tu mahindi yanapokauka. Kikundi kikisogeza marejesho kutoka Julai hadi Oktoba, riba ya miezi hiyo mitatu, hata kwa kikomo cha Benki Kuu cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ni shilingi 10,500 kwa kila laki moja. Mweka hazina aiandike namba hiyo ubaoni, pembeni yake aandike bei ya gunia ya Julai na ya Oktoba mwaka uliopita, na wanachama waamue kabla ya mkopo wa Januari kutolewa.