Kwa nini mgonjwa hufura baada ya upasuaji wa moyo

JAMAA wanaoruhusiwa kumwona mgonjwa saa chache baada ya kupasuliwa moyo hushtuka wanapomkuta amefura uso na kope. Wengi hudhani upasuaji umekwenda mrama. Aghalabu sivyo.

Chanzo ni mashine inayoshika nafasi ya moyo na mapafu, ambayo Dkt John Gibbon aliitumia kwa ufanisi mara ya kwanza huko Philadelphia, Marekani, mnamo Mei 6, 1953. Damu, iliyozoea kuta laini za mishipa, hupitishwa katika mirija ya plastiki. Mwili huiona plastiki hiyo kuwa adui: protini za kinga huamka, chembechembe nyeupe hujiandaa kwa vita, na kemikali zinazomwagwa hulegeza viungio vya seli zilizotanda ndani ya mishipa midogo. Maji na protini za damu huvuja, yakatuama katika nyama na mapafu. Presha hushuka, kupumua kukawa kuzito.

Watoto wachanga huathirika zaidi, kwani maji yanayojazwa kwenye mashine huweza kukaribia au hata kuzidi damu yao yote. Ndiposa madaktari huyachuja upasuaji ukiendelea au mara unapokamilika.

Ingedhaniwa kwamba dawa za steroidi zingeituliza hasira hiyo ya kinga na kuokoa maisha. Hata hivyo, utafiti uliohusisha wagonjwa 7,507, uliochapishwa 2015, ulibaini kuwa methiliprednisoloni haikupunguza vifo. Kazi kubwa basi huachiwa figo: wauguzi hupima mkojo kila saa, nao uvimbe, kwa wengi, hupungua katika siku chache.