Kutoka Vitshumbi hadi Kinshasa: maji yanavyopunguza mbio za nyutroni

VITSHUMBI – Kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Edward, wavuvi wanajua jinsi maji yanavyouzuia mtumbwi. Maji hayo hayo huzuia pia nyutroni, chembe ndogo mno inayotoka ndani ya kiini cha atomu.

Sababu ni hidrojeni iliyo ndani ya maji. Kiini chake kina uzito karibu sawa na wa nyutroni. Gololi ikigonga gololi nyingine ya ukubwa uleule, inaweza kusimama palepale. Ikigonga jiwe kubwa, inarudi na mbio zake. Ili kutulia, nyutroni huhitaji kugonga hidrojeni mara 18 hivi, lakini kaboni zaidi ya mara 110.

Wanasayansi hupima hayo kwa kupitisha nyutroni kwenye kipande cha kitu fulani, kisha kuhesabu ngapi zimeingia na ngapi zimetoka. Hesabu hizo husaidia kujenga vinu na kuta za kukinga wafanyakazi.

Kongo ilianza mapema. Urani wa Shinkolobwe, Katanga, ulitumika kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Lovanium, leo UNIKIN, kiliwasha TRICO I, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. TRICO II kilifuata mwaka 1972, kikasimamishwa mwaka 2004.

Tangu kiliposimama, mwanafunzi Mkongomani anayesomea fizikia hajaweza kuzihesabu nyutroni kwenye kinu cha nchi yake, nchi iliyotoa urani kabla ya wengi.